Likizo ya Pwani, na Mama wa Nyumba Apumzike Pia

Zamani mtu aliyepewa likizo kazini alijua pa kwenda, nako ni kwao. Alipanda basi na sukari yake na majani ya chai, akaenda kuangalia shamba, ng'ombe na wazee. Desturi hiyo ni njema, wala hatusemi iachwe. Lakini siku hizi wako makarani, walimu na wakulima wengi ambao, wakiisha kuweka akiba kidogo, hupenda kuwachukua wake na watoto wao wakaone nchi; na wengi wa hao hutazama Pwani ya kusini, ng'ambo ya Mombasa, katika Kaunti ya Kwale, tangu Tiwi na Diani mpaka Msambweni na Shimoni.

Ajabu ni kwamba wengi wao hurudi wamenuna. Baba huona fedha zimekwisha siku ya tatu. Kijana wa miaka kumi na sita hakupata la kufanya ila kutazama simu yake. Nyanya alikalishwa kitini kulinda mikoba ya wenziwe. Na mama wa nyumba, ukimwuliza mumewe akiwa hayupo, atakuambia ya kuwa kazi aliyoifanya Diani ni ile ile aifanyayo nyumbani, tofauti ni kwamba jiko lilikuwa geni na kisu hakikati. Kisha Januari huingia, karo ya shule yadaiwa, na fedha za karo zimekwisha kuliwa ufukweni.

Kwa maoni yetu chanzo cha haya yote si uhaba wa fedha, maana wako wenye fedha nyingi waliorudi vivyo hivyo. Chanzo ni kwamba safari ya watu sita ilikatwa shauri na mtu mmoja. Baba alisema, "Mwaka huu ni Diani," na neno likaisha hapo.

SHAURI LA NYUMBANI

Tuchukue mfano wa karani wa Nairobi. Ana mke, ana watoto watatu, wa miaka 16, 13 na 7, na mama yake mzazi ni mkulima wa Machakos ambaye tangu kuzaliwa hajaona bahari. Karani huyu akiwa mtu wa busara, miezi mitatu kabla ya safari atawakalisha watu wake wote baada ya chakula cha jioni, naye ana daftari mkononi, amwulize kila mmoja swali moja tu: "Ukifika huko, ni jambo gani moja ambalo ukilikosa utaona kana kwamba hukwenda?" Majibu ayaandike kama yalivyo, wala asicheke.

Mtoto mdogo atataka kuoga baharini na kujenga nyumba za mchanga. Msichana atataka kuwaona pomboo, samaki wale wasio samaki, ambao amesoma habari zao shuleni. Kijana mkubwa, akiona hakemewi, atasema ukweli: ataka kucheza mpira ufukweni na vijana wenziwe bila ya wazazi kumkalia karibu. Nyanya kwanza atasema, "Mimi nitakwenda mnakokwenda." Asiachiwe hapo, aulizwe tena kwa upole, na pengine atasema apenda kuona watu wa huko wanalima nini na wazee wao wanaishije.

Hata zamu ifike kwa mke, naye atajibu, "Mimi sina neno, mradi watoto wafurahi." Jibu hili ndilo la hatari kuliko yote, maana laonekana ni jibu la amani. Bwana asilipokee. Aseme, "La, mama watoto, nakuuliza wewe." Na akisikia, "Ningependa kuamka asubuhi moja nisiwashe moto," na ajue ya kuwa amesikia neno ambalo huenda halijasemwa katika nyumba hiyo kwa miaka kumi na sita.

Majibu yakiisha kuandikwa, kanuni ni nyepesi: kila mtu ana jambo lake moja, na siku ya jambo hilo wengine wote humfuata bila ya kunung'unika. Jambo la baba ni moja pia, si matatu. Tena iachwe siku nzima isiyo na kazi yoyote katika daftari. Wanaojaza kila siku hurudi wamechoka kuliko walivyoondoka.

WAKATI NA NAULI

Watoto wetu huwa na likizo mwezi wa Aprili, mwezi wa Agosti, na ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Aprili masika huwa imeanza katika Kwale, na mtu aweza kukaa siku nne akitazama mvua dirishani. Agosti ni majira ya kusi: jua si kali, bei za nyumba hushuka, lakini bahari huchafuka na ufuko hujaa mwani uliotupwa na mawimbi. Wenye kupenda baridi kidogo wataipenda Agosti. Desemba upepo wa kaskazi huwa umeanza, maji ni safi, bahari ni tulivu, na watu ni wengi mno. Shauri letu ni hili: nenda majuma mawili ya kwanza ya Desemba, kabla ya Krismasi, maana mara tu sikukuu inapokaribia nyumba ile ile na chumba kile kile hupandishwa bei, na tiketi za gari la moshi hazipatikani.

Gari hilo la moshi la reli mpya lilianza kuchukua abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017. Mwezi wa Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka Shs. 1,000/- hadi Shs. 1,500/-, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Basi karani wetu na afanye hesabu kwa nauli hiyo. Watu watano kwa nauli kamili ni Shs. 7,500/-, na mtoto mmoja Shs. 750/-, jumla Shs. 8,250/-, na kwenda na kurudi ni Shs. 16,500/-, kabla mtu hajala hata kitumbua kimoja. Aiandike juu kabisa ya ukurasa. Juu zaidi ya hiyo aandike karo ya Januari, na fedha hizo azitenge mahali ambapo mkono hauzifikii. Kinachobaki chini ya mistari hiyo miwili ndicho cha likizo. Ikiwa kinatosha siku tatu tu, na ziwe siku tatu. Kukopa katika simu ili kuongeza siku ya nne ni kununua huzuni kwa faida.

Stesheni iko Miritini, nje ya mji. Zamani aliyekuwa akienda kusini hakuwa na njia ila kuingia Mombasa na kungoja feri Likoni. Siku hizi iko barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 2018. Hupita juu ya maji ya Mwache na Mteza kwa madaraja, ikatokea upande wa kusini, na toka hapo Diani si mbali. Jamaa ya watu sita wenye mizigo na mzee wataona njia hii ni raha. Hata hivyo, wakati wa kurudi watoto wapitishwe Likoni wapande feri. Aendaye kwa miguu halipi kitu, na kwa mtoto wa bara ile feri ni nusu ya likizo.

BAHARI INA SAA ZAKE

Sasa twafika penye jambo ambalo wageni wa bara hawaambiwi, nalo huharibu likizo nyingi. Mtu hufika Diani saa nne asubuhi amewavalisha watoto nguo za kuogea, akakuta bahari haipo. Imekwenda zake mbali, imeacha mchanga, majani na mawe. Hukasirika, akawarudisha watoto nyumbani. Na saa kumi, walipokwisha kulala, bahari imerudi tele mpaka chini ya minazi.

Bahari haikumdanganya. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaopita kidogo usiku na mchana mmoja, na saa zake hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo huwa bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti yake huweza kupita mita tatu. Siku hizo, katika pwani yetu hii, maji hupwa yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi alasiri. Kila siku saa hizo huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Kwa hiyo baada ya juma moja mambo yamegeuka: asubuhi ndipo maji yamejaa na alasiri yamekupwa, tena ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Mkulima hahitaji kufundishwa kuutazama mwezi. Basi kabla ya kuchagua juma la safari, na atazame kalenda. Wenye watoto wadogo wanaotaka kuoga asubuhi jua likiwa bado dogo, waende katika siku za maji mafu. Wanaotaka kutembea juu ya mwamba na kuona viumbe katika vidimbwi, waende siku za bamvua, wavae viatu kwa sababu ya miiba na mawe. Mamlaka ya Bandari hutoa orodha ya saa za maji; lakini mvuvi yeyote atakuambia bure ukimwamkia vizuri.

Tena hapa pana hatari ambayo lazima isemwe wazi. Mbele ya Diani na Tiwi uko mwamba unaovunja mawimbi, kwa hiyo maji ya ndani huonekana matulivu, na watu hudhani hayana nguvu. Bamvua linaporudi, maji hayaji kwa mbele tu kama mtu aonavyo, bali kwanza hujaza mikondo iliyo nyuma ya yule aliyesimama kwenye fungu la mchanga. Huyu bado anachezea kaa, kumbe njia aliyopita kwa maji ya kifundoni sasa ina maji ya kifuani. Mara tu maji yanapoanza kurudi, kila mtu na arudi. Na penye watoto majini pawe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama tu, simu yake ameiweka mbali, na zamu hiyo ipokezanwe kila nusu saa. Watu wazima watano wanaotazama wote pamoja ni sawa na hakuna anayetazama.

Liko pia jambo la haki. Wengine huogopa kutembea ufukweni mbele ya hoteli kubwa, wakidhani ya kuwa mchanga ni mali ya hoteli. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 62, yasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Viti na miavuli ni vya hoteli. Ufuko ni wako na wangu. Tatizo ni vijia vya kuingilia, maana si vingi, na kwa hiyo yafaa kuuliza mahali vilipo kabla ya kukodi nyumba.

KILA MTU NA SIKU YAKE

Siku ya yule msichana itakuwa Shimoni, yapata kilomita 75 kutoka Mombasa. Kutoka hapo vyombo huenda asubuhi mpaka hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ambako pomboo huonekana mara nyingi, na matumbawe huonekana chini ya maji kama bustani. Wakati wa kurudi pafaa kupitia Kisiwa cha Wasini, ambako hakuna motokaa hata moja. Kina mama wa kisiwa wamejenga njia ya mbao kati ya mawe ya matumbawe na mikoko, na ada ya kupita huwasaidia. Kabla ya kupanda chombo, baba ahesabu makoti ya kuokolea maisha na ahesabu vichwa. Yakipungua, asipande, hata kama nahodha ni mcheshi na bei ni ya chini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, karibu sana na hapa, ilizama kwa kujaza watu kupita kiasi, wakafa watu 272.

Siku ya nyanya ina mahali pawili. Pa kwanza ni Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio karibu na Diani, mmoja wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2008. Hapa mtu haingii kama aingiavyo sokoni. Huongozwa na wenyeji, hufungwa nguo nyeusi kiunoni, huvua kofia, wala haokoti hata jani. Wenyeji hueleza mti huu ni dawa ya nini na ule wa nini. Tumeona vijana wanaochoshwa na kila jambo wakinyamaza kimya mle. Lakini anayefaidi zaidi ni mzee, maana husikia mambo anayoyajua yakisemwa kwa lugha nyingine, naye huanza kueleza ya kwao Ukambani, na wajukuu wake huyasikia kwa mara ya kwanza.

Pa pili ni Gazi, kijiji kilicho njiani kuelekea Msambweni. Watu wa Gazi na Makongeni, kwa mpango uitwao Mikoko Pamoja ulioanza mwaka wa 2013, hutunza mikoko ya kiasi cha hekta 117, na kwa kuwa miti hiyo huzuia hewa chafu isipande angani, wanunuzi wa nchi za ng'ambo huwalipa kwa kuitunza. Fedha zimetumika kwa maji na kwa shule. Mkulima aliyezoea kuuza mahindi na maembe atastaajabu kuona watu wanalipwa kwa mti usiokatwa, naye atakuwa na maswali mengi kuliko wanafunzi. Kina mama wa Gazi nao wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko, na chakula hupatikana ukitoa habari mapema.

Baba, kama hakuwa na wazo, na achague milima ya Shimba, juu ya mji wa Kwale. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka wa 1968, nayo ndiyo mahali pekee katika Kenya ambapo palahala bado wanaishi porini, wanyama weusi wenye pembe ndefu zilizopinda nyuma. Wako tembo pia, na maporomoko ya Sheldrick, ambayo huteremka kadiri ya mita 21 na huendewa kwa miguu pamoja na askari wa wanyama. Hewa ni baridi, chukua sweta. Raia hulipa kiingilio kilicho chini ya cha mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisisahauliwe. Wala chupa za plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi tangu Juni 2020.

Kijana mkubwa na apewe alasiri mbili, na saa ya kurudi. Maji yakipwa, mchanga wa Diani huwa mgumu kama uwanja, na mpira haukosekani. Mtoto mdogo tayari anao ufuko. Naye aonyeshwe mbega wanaovuka barabara ya Diani kwa ngazi za kamba zilizofungwa juu ya miti ili wasikanyagwe na motokaa. Lakini tumbili na nyani wasipewe chakula, maana leo hupokea mkate mkononi, kesho huingia jikoni kuuchukua wenyewe.

Twarudi kwa mama wa nyumba, ambaye tulimwacha na neno lake la kutowasha moto. Jambo hili halihitaji hoteli. Ukunda asubuhi mahamri na mbaazi za nazi huuzwa barabarani yakiwa moto. Kijana mkubwa na atumwe na bakuli na birika, na jamaa nzima itakunywa chai bila ya mama kuinuka. Mchana samaki wanunuliwe kwa wavuvi wanapoteremka, na atafutwe mama wa kijijini awapike kwa nazi kwa malipo waliyopatana, kwani nyumba nyingi za kukodi huko huwa na mpishi au jirani anayejua mpishi. Gharama yake iandikwe katika daftari tangu siku ya shauri, kama nauli ilivyoandikwa, isije ikawa ya kwanza kufutwa fedha zinapopungua. Jioni mabwana na vijana waoshe vyombo. Wako watakaosema ya kuwa mume kuosha sufuria ni aibu. Aonaye aibu na aoshe usiku. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, jua ya kuwa mikahawa mingi ya vijijini hufungwa mchana, basi mpango huu ufanywe mapema. Na wakati wowote, wanaotoka ufukweni kuingia kijijini wajifunike nguo, maana pale ni nyumbani kwa watu.

Ile siku tupu iwe ya mwisho kabla ya safari. Mizigo ifungwe jioni, si alfajiri, na tiketi za kurudi ziwe zilinunuliwa pamoja na zile za kwendea. Makombe na matumbawe ya hifadhini hayachukuliwi, watoto waambiwe mapema ili machozi yasianzie chomboni. Ila nyanya akitaka kujaza chupa maji ya bahari ampelekee jirani yake Machakos asiyesadiki ya kuwa yana chumvi, asizuiwe. Kifuniko kikazwe vizuri, na chupa isilazwe karibu na nguo za shule.